Kichocho mialoni Ziwa Victoria: dawa inagawiwa miaka nenda rudi, maambukizi yamegoma kushuka. Kosa liko wapi?

#1 Kamongo_wa_Kome

Wakuu, salaam. Naomba wenye ujuzi wa jambo hili tujadiliane kwa kina.

Kichocho cha tumbo (Schistosoma mansoni) kina dawa ya dozi moja, na inagawiwa bure. Watoto wanapangwa mstari shuleni, wanasimamishwa kwenye fimbo ya vipimo, wanameza, na mwaka unaofuata tena. Lakini pima choo cha watoto wa shule iliyo hatua chache kutoka mwaloni, si ajabu kukuta zaidi ya nusu wana mayai. Ingia bara kilomita kumi na kitu, idadi inashuka sana. Makadirio ya 2012 yalisema kichocho cha aina zote kimegusa kama 51.5% ya Watanzania, tukawa wa pili Afrika nyuma ya Nigeria.

Hoja yangu: kosa liko kwenye mgawo. Kwa miaka mingi kingatiba imemlenga mtoto wa miaka 5 hadi 14. Mvuvi, muanika dagaa, mama anayefua na mtoto wa chekechea wamebaki na minyoo yao. Mnyoo jike mmoja wa mansoni hutaga mayai kama 300 kwa siku. Mtu mzima mwenye jozi hamsini anatengeneza mayai 15,000 kila siku, na hata kama mengi yananasa kwenye ini na kuta za utumbo, yanayotoka yanatosha kuchafua mwalo mzima. Tunaosha vyombo huku bomba la maji machafu liko wazi.

Karibuni.

#2 Mama_Hadubini

Mada nzuri. Lakini kabla ya kumtafuta mchawi, tukubaliane tumepima nini. Hiyo "zaidi ya nusu" ni ya Kato-Katz (kuhesabu mayai ya choo kwa hadubini) au ya kaseti ya mkojo (kipimo cha haraka kinachoonyesha mstari)? Ni slaidi ngapi, choo cha siku ngapi?

Kato-Katz ya kawaida hutumia templeti (kibao chenye tundu la kupimia choo) ya miligramu 41.7. Unapitisha choo kwenye chekecheo, unajaza tundu mpaka lijae sawasawa, unainua templeti, unafunika na selofani iliyolowa usiku kucha kwenye gliserini na malakaiti ya kijani, kisha unakandamiza. Mayai uliyohesabu unazidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Yaani ukiona yai moja tu kwenye slaidi moja, umeshaandika 24. Mwenye mayai 10 kwa gramu mara nyingi atakupita kabisa.

Wapi panaharibika:

Tundu halijajazwa vizuri, hewa imebaki katikati. Mayai yanapungua bila mtu kujua.

Choo cha majimaji. Hiki hakifai kwa Kato-Katz, kitamwagika. Wengi wanamruka mtoto huyo, kumbe mwenye kuhara damu ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Kusoma kwa wakati usiofaa. Mayai ya mansoni yanasubiri, unaweza kusoma hata kesho yake. Ya safura hayasubiri: gliserini inayayeyusha, yasomwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Timu inayosoma slaidi jioni huripoti kijiji hakina safura.

Templeti ya saizi nyingine. Zipo za miligramu 50 (zidisha kwa 20) na za 20 (zidisha kwa 50). Mtu anachukua ya 50, anazidisha kwa 24, na anakuza kila namba kwa moja ya tano bila kujua.

Mwisho, mayai hayatoki sawa kila siku. Slaidi mbili za choo kimoja si sawa na slaidi moja moja ya siku mbili tofauti. Ukiweza kuchagua, ongeza siku.

#3 Nyanza_Kavirondo

Salaam kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku Siaya tunaita bilhazia, na tatizo ni lilelile. Kwenye utafiti mkubwa wa SCORE, uliofanyika magharibi mwa Kenya na pia Mwanza kwenu, vijiji vilipangiwa ratiba mbalimbali za prazikwanteli, hiyo dawa ya dozi moja, kwa miaka kadhaa. Kilichowashangaza watu ni vijiji vilivyopata dawa ileile, watu wakameza kwa kiwango kilekile, kimoja kikashuka na cha jirani kikabaki palepale. Vikaitwa maeneo sugu.

Kwa hiyo Kamongo, hoja ya mgawo peke yake haitoshi. Vijiji viwili vimepata mgawo mmoja, mbona matokeo mawili?

#4 Kamongo_wa_Kome

Asante Mama_Hadubini. Namba zangu ni za Kato-Katz, slaidi mbili za choo kimoja. Templeti nitaikagua.

@Nyanza_Kavirondo, mgawo wa shule ukilingana, waliobaki nje ya shule hawalingani. Kijiji kimoja kina wakulima wengi, cha jirani kina kambi ya wavuvi wa kuhamahama wanaofuata dagaa kisiwa hadi kisiwa. Siku ya kugawa dawa wako Goziba au Ukara.

#5 Namba_Hazidanganyi

Naomba nigusie vihatarishi, kwa sababu watu wanavisoma vibaya.

Ripoti nyingi zinaandika "wavuvi wana hatari mara tatu ya wasio wavuvi". Ukichunguza, hiyo tatu ni uwiano wa odi (odi ni wagonjwa kwa wasio wagonjwa). Pale ambapo ugonjwa ni wa wengi, uwiano wa odi unatia chumvi. Chukua mfano wa kutunga: wavuvi 80% wana minyoo, wasio wavuvi 57%. Odi za wavuvi ni 80 kwa 20, yaani 4. Za wengine ni 57 kwa 43, yaani 1.33. Gawanya: 3. Lakini 80 ukigawanya kwa 57 ni 1.4 tu! Mvuvi ana hatari mara moja na nusu hivi, si mara tatu. Na hao "wasio wavuvi" wenye 57% ndio wengi kijijini.

La pili, sampuli ya mafungu. Unachukua shule 8, watoto 50 kila shule, unasema una watoto 400. Watoto wa shule moja wanaoga sehemu moja, wanafanana. Mfanano ukiwa 0.1, athari ya mafungu ni 1 + (50 − 1) × 0.1 = 5.9. Watoto wako 400 wana uzito wa watoto 68. Hapo tofauti kati ya "kijiji sugu" na kijiji cha kawaida inaweza kuwa bahati nasibu. Afadhali shule 20 zenye watoto 20 kila moja kuliko 8 zenye 50.

#6 Konokono_Mwanamaji

Mnaongelea watu na karatasi, hakuna aliyemtaja konokono! Bila yeye hakuna kichocho hata mkijisaidia wote ziwani.

Ziwani kuna Biomphalaria wa aina mbili wa kuangalia. B. sudanica anapenda ukingo wenye matete, vinamasi na magugu maji. B. choanomphala anaishi ndani ya ziwa lenyewe, juu ya mchanga na mawe, hata kwenye kina cha mita kadhaa. Kwa hiyo ile imani kwamba "ukitoka kwenye matete ukaoga maji meupe uko salama" haina mashiko. Na magugu maji, tangu yaingie ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yanambeba sudanica kutoka ghuba moja hadi nyingine upepo ukigeuka.

Halafu saa. Serkaria wa mansoni (vijidudu vichanga vinavyopenya ngozi ya mtu majini) hutoka kwa konokono jua likipanda, na kilele ni kama saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Mvuvi wa dagaa anavua usiku na anarudi alfajiri. Kinachompa minyoo ni kuosha wavu na kukumba maji mtumbwini saa 5, si safari ya usiku. Dodoso linalouliza "unavua?" bila kuuliza "unagusa maji saa ngapi, dakika ngapi, mpaka sehemu ipi ya mwili?" linapima kazi, halipimi maji.

Kwa vijiji viwili vya Nyanza_Kavirondo, kwanza ningeuliza: upande upi umekingwa na upepo? Ghuba tulivu ina konokono, ukingo unaopigwa na mawimbi hauna wengi.

#7 Chake_Chake_Damu

Assalaam alaykum. Nyie wa ziwani mna bahati mbaya, ziwa halimalizwi kwa niklosamaidi, dawa ya kuua konokono. Sisi visiwani tuna vijito na mabonde ya mpunga, tumejaribu kila kitu.

Kichocho chetu ni cha mkojo (S. haematobium). Kati ya 2012 na 2017 Unguja na Pemba zilipita kwenye jaribio kubwa: shehia zote zikapewa dawa mara mbili kwa mwaka, watu wazima na watoto wa shule. Kundi moja dawa tupu, kundi la pili dawa na kuua konokono, la tatu dawa na elimu ya kubadili tabia. Maambukizi yalishuka kila mahali. Lakini makundi matatu hayakutofautiana kwa kiasi cha kusema hili limeshinda, na maambukizi hayakukatika. Kwa hiyo Kamongo, sisi watu wazima tuliwapa, na bado.

Jambo la kuvutia zaidi ni ramani ya Unguja. Kaskazini na kati kuna kichocho, kusini hakuna. Sababu ni konokono: juu kuna Bulinus globosus anayebeba mdudu, chini kuna B. nasutus asiyembeba. Mvua ileile, watu walewale, konokono tofauti.

#8 Lambo_la_Maswa

Shehe wa #7, hapo kwa nasutus sema "Unguja", usiseme kwa jumla. Huku Usukumani B. nasutus (yule wa tawi la productus) ndiye mbebaji mkuu wa kichocho cha mkojo. Anakaa kwenye malambo, mashimo ya maji na majaruba ya mpunga. Lambo likikauka anajichimbia kwenye tope, anajifunga, anasubiri. Mvua ikirudi, anaamka. Unaweza kumwaga dawa ya konokono kiangazi lambo likiwa limekauka ukaambulia hasara tupu.

Ndiyo maana ramani ya kanda hii ina sura mbili. Pwani ya ziwa, mansoni. Ingia Kwimba, Maswa, Shinyanga vijijini, mansoni anapungua na haematobium anapanda. Utafiti wa Magu wa miaka ya 1990 ulionyesha hivyohivyo, safura ikiwa kila mahali. Ukichanganya wilaya nzima kwenye namba moja ya "kichocho", umefuta kila kitu chenye maana. Wengine wanapima mkojo tu na kutangaza mwalo ni salama!

Na kwa mkojo, chukua sampuli kati ya saa 4 na saa 8 mchana, mayai ndipo yanatoka kwa wingi. Mkoroge kwanza, mayai yanazama. Chuja mililita 10. Mayai 50 na kuendelea kwa mililita 10 ni maambukizi makali. Mkojo wa saa 1 asubuhi utakudanganya.

#9 Chake_Chake_Damu

Nimekubali, nimesahihishwa. Ni nasutus wa Unguja.

#10 Kwale_Msambweni

Naongezea: pwani ya Kenya, Msambweni, nasutus wa vidimbwi anaambukiza vizuri tu. Kwa hiyo si bara na kisiwa. Inawezekana ni mdudu na konokono wa mahali pamoja kuzoeana au kutozoeana. Usihamishe jibu la Unguja bila kuweka konokono wako kwenye chupa.

#11 Konokono_Mwanamaji

Na kuweka kwenye chupa ni rahisi, hata shule ya sekondari inaweza. Konokono mmoja kwa chupa ndogo, maji safi yasiyo na klorini (yaliyokaa siku nzima kwenye ndoo wazi yanafaa), weka kwenye mwanga wa jua lisilo kali saa moja hadi mbili. Tazama kwa lenzi ukiweka kitambaa cheusi nyuma. Serkaria mwenye mkia uliogawanyika kama uma ndiye wa kumtilia shaka. Vaa glavu, usimwage maji hayo ziwani, mwagia maji ya moto kwanza.

Tahadhari: uma si uthibitisho. Bulinus anabeba pia S. bovis wa ng'ombe, na huyo amekutwa hata Pemba. Ukihesabu kila serkaria mwenye uma kuwa wa binadamu, unazidisha hatari.

#12 Mchunga_Ngombe_Simiyu

Hapo kwa ng'ombe mmenigusa. Lambo moja, ng'ombe wanakunywa na watoto wanaogelea. Huko Senegali na hata kisiwa cha Corsica, Ufaransa, mwaka 2013, wamepatikana chotara wa haematobium na bovis wanaoambukiza watu. Hamuoni kwamba ng'ombe anaweza kuwa ndiye anayerudisha ugonjwa baada ya watu kumeza dawa?

#13 Lambo_la_Maswa

Kwa kichocho cha mkojo, swali halali. Kwa mansoni wa mada hii, hapana, bovis hapiti kwa Biomphalaria. Mansoni ana wanyama wake: nyani wa Gombe wamekutwa naye, na panya pia. Lakini mwaloni, ukilinganisha choo cha panya na choo cha watu mia tano wasio na vyoo, jibu liko wazi.

#14 Fundi_Choo

Nilikuwa nasubiri neno choo lifike.

Tafiti nyingi zikiuliza "kaya yako ina choo?" zinakuta hakuna uhusiano na kichocho, halafu mtu anahitimisha vyoo havisaidii. Fikirini tena. Choo changu kinamkinga jirani. Minyoo ninayopata mimi inatoka kwenye kinyesi cha wengine walioenda vichakani. Kupima choo cha kaya dhidi ya ugonjwa wa kaya hiyohiyo ni sawa na kumuuliza aliyefunga breki zake kama amegongwa na gari lingine. Inabidi upime kijiji: asilimia ya kaya zenye choo kinachotumika, dhidi ya maambukizi ya kijiji chote.

Pia "kinachotumika" ni neno zito. Mialo mingi ni mchanga, maji yako karibu. Ukichimba mita moja na nusu maji yanachuruzika, kuta zinaporomoka masika ya kwanza. Upande wa Ukerewe unakutana na jiwe. Pale mchangani, jengea shimo pete za zege au matofali, pandisha sakafu juu ya usawa wa ardhi kama nusu mita, na zungushia udongo ulioshindiliwa. Pale penye jiwe, choo cha mashimo mawili yaliyojengwa juu ya ardhi: unatumia moja, unafunga, unahamia la pili. Kambi ya wavuvi mia mbili yenye choo kimoja chenye mlango uliovunjika isihesabiwe kuwa ina choo.

Na kwa kichocho cha mkojo, choo hakisaidii sana. Mtoto anakojoa ndani ya maji akiogelea. Hapo ongea habari za sehemu salama ya kuogelea.

#15 Kamongo_wa_Kome

@Fundi_Choo, hili la kumkinga jirani linabadilisha namna ya kuandika dodoso. Asante.

Sasa nani ataongelea dawa? Naona watu wanaizunguka.

#16 Dispensari_ya_Kisiwa

Nitaongea mimi, na nitaongea kwa uchungu kidogo.

Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kilo. Kidonge ni miligramu 600. Kwenye kampeni tunatumia fimbo ya urefu: sentimita 94 hadi 109 kidonge 1, 110 hadi 124 kimoja na nusu, 125 hadi 137 viwili, 138 hadi 149 viwili na nusu, 150 hadi 159 vitatu, 160 hadi 177 vinne, 178 na kuendelea vitano. Mtoto wa sentimita 124 na kilo 24 anapata miligramu 900, ambayo ni 37.5 kwa kilo. Safi. Sasa leta mvuvi wa sentimita 172 mwenye kilo 85. Fimbo inasema vinne, miligramu 2,400, sawa na 28 kwa kilo. Huyo umempunja! Kwa watu wazima wenye miili, tumia mizani. Kilo 85 mara 40 ni 3,400, vidonge vitano na nusu.

Dawa hii inaua minyoo mikubwa. Minyoo michanga ya wiki chache inapita salama. Mwaloni mtu anaambukizwa kila siku, kwa hiyo siku ya kumeza dawa tayari ana wachanga ndani. Baada ya wiki kadhaa wamekomaa, wanataga. Dozi moja kwa mwaka kwa mtu anayeingia majini kila siku inampunguzia mzigo, ini lake linashukuru, lakini ukimpima mwakani atakuwa na mayai. Kwa hiyo idadi ya walioambukizwa inaweza kubaki ileile huku wagonjwa wa ini wakipungua. Tazameni makali, acheni kutazama asilimia peke yake: mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni mepesi, 100 hadi 399 wastani, 400 na kuendelea makali. Lengo la 2030 la kuondoa kichocho kama tatizo la afya ya jamii linahesabu makali, yawe chini ya 1%.

Jambo la tumbo tupu. Mtoto ambaye hajala akimeza, atazunguzwa, atashikwa na tumbo, atatapika mbele ya wenzake. Kadiri minyoo ilivyo mingi ndivyo tumbo linavyouma. Mwaka unaofuata nusu ya darasa wanakimbia. Sufuria ya uji kabla ya dawa inaleta watu wengi kuliko tangazo lolote.

Na wa chini ya miaka mitano wanaogeshwa ufukweni wakiwa mgongoni. Ipo sasa dawa ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye maji, isiyo na ule uchungu. Ilipita kwa wakaguzi wa Ulaya Desemba 2023. Wafikieni hao.

#17 Nyanza_Kavirondo

Na usugu wa dawa? Wilaya ya Mayuge, Uganda, wamemeza miaka mingi na dawa imeonekana kupunguza mayai kidogo kuliko inavyotakiwa kwa baadhi ya watoto.

#18 Mama_Hadubini

Usugu upimwe kwa utaratibu, neno lenyewe linatisha watu. Pima kabla, mwangalie mtoto akimeza na kumaliza, kisha pima tena siku ya 14 hadi 21. Wastani wa kabla 240, wa baada 36: umepungua kwa 85%. Kiwango cha kuridhisha ni 90% na zaidi, kwa hiyo hapo uchunguze.

Lakini ukirudi baada ya wiki nane, umeharibu. Wale wachanga aliowataja @Dispensari_ya_Kisiwa watakuwa wameshakomaa, utaviita usugu vitu ambavyo si usugu. Aliyetapika nusu saa baada ya kumeza naye muondoe kwenye hesabu. Na slaidi zile mbili za choo kimoja hazitoshi kwa kazi hii.

#19 Konokono_Mwanamaji

Nikitoka nje kidogo ya mada: samaki wadogo waitwao furu. Baadhi ya furu wa ziwa hili walikuwa wanasaga konokono kwa taya za kooni. Sangara akapandikizwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, kufika miaka ya 1980 furu wamekwisha kwa wingi. Ziwa Nyasa upande wa Cape Maclear, Malawi, samaki wanaokula konokono walipovuliwa kupita kiasi karibu na ufukwe, kichocho kikapanda. Mimi naona tumeua polisi wetu. Na kamongo naye anakula konokono, mleta uzi jina lako ni la heshima.

#20 Lambo_la_Maswa

Kichocho kilikuwa ziwani kabla ya sangara, mkuu. Polisi walikuwepo na wezi walikuwepo.

#21 Konokono_Mwanamaji

Walikuwepo, lakini wangapi? Hilo ndilo swali.

#22 Mkunga_Mstaafu

Wanangu, mmeandika posti ishirini na moja, mwanamke ametajwa akifua tu.

Mayai ya kichocho cha mkojo yanakwama pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni. Ukitazama kwa spekulamu (kifaa cha kufungulia uke) unaona mabaka ya njano kama chembe za mchanga, mishipa isiyo ya kawaida, na pakiguswa panatoa damu. Mwanamke huyu analalamika damu baada ya tendo la ndoa, uchafu, maumivu, kukosa mtoto. Anapewa dawa za magonjwa ya zinaa, mume anaambiwa naye ameze, ndoa inavunjika. Mkojo wake unaweza usiwe na yai hata moja! Mtoa huduma wa wilaya za malambo aulize kila mwanamke mwenye dalili hizo: utotoni ulichota maji wapi, uliogelea wapi? Na asisubiri yai ndipo atoe prazikwanteli.

Halafu madodoso yenu. Kwa watu wengi "kichocho" ni kukojoa damu, basi. Ukimuuliza mwanamke wa mwaloni "umewahi kuugua kichocho?" atajibu hapana, na ini lake limevimba kwa mansoni. Swali la mkojo mwekundu kwa watoto wa shule lilifanya kazi nzuri Kilosa kwa haematobium, lakini kwa mansoni halina msaada. Uliza damu kwenye choo, uliza tumbo, kisha pima.

#23 Kamongo_wa_Kome

Shikamoo mama, nimekuelewa. Kosa ni letu.

#24 Mkunga_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Pimeni na kina mama.

#25 Dada_wa_Musoma

Samahani kwa swali la kawaida. Nyumbani tunaoga maji ya ziwa ya ndoo. Tufanye nini leo, kabla ya miradi kufika?

#26 Fundi_Choo

Maji yaliyochotwa yakikaa siku mbili kamili kwenye pipa lenye mfuniko, bila konokono wala majani ndani, serkaria watakuwa wamekufa. Kwa hiyo mapipa mawili au matatu kwa zamu: la jana mnaliacha, la juzi mnaoga. Chuja kwa kitambaa wakati wa kujaza ili konokono mdogo asiingie. Ukiwa na haraka, chemsha uchanganye na maji ya pipa la juzi, usichanganye na ya leo. Kuchota alfajiri ni bora kuliko mchana. Kujifuta na taulo baada ya kuoga ziwani usikutegemee, wanapenya ngozi kwa dakika chache.

#27 Namba_Hazidanganyi

@Kamongo_wa_Kome, ukirudi uwandani nikushauri: ongeza shule, punguza watoto kwa shule, ongeza kundi la watu wazima mwaloni kwa saa za kuosha nyavu. Andika umbali kutoka kaya hadi maji wanayoyatumia hasa, usipime mstari hadi ukingo wa karibu. Mtu anaweza kukaa mita 300 kutoka ziwani akachota kisimani.

#28 Nyanza_Kavirondo

Na ukitumia kaseti ya mkojo, amueni kabla ya kuanza kama mstari hafifu mtauhesabu ndiyo au hapana. Isomwe dakika ya 20, si baada ya chai. Pale maambukizi ni mepesi, asilimia ya kaseti inaweza kuwa maradufu ya ile ya slaidi, halafu mtu aseme ugonjwa umepanda. Toleo la kaseti likibadilika, pima upya sampuli chache za zamani mlinganishe. Wajawazito na wenye maambukizi ya njia ya mkojo wanaweza kuonyesha mstari wa uongo.

#29 Kamongo_wa_Kome

Nimekagua. Templeti zetu zimeandikwa 50. Fomu inasema zidisha kwa 24.

#30 Mama_Hadubini

Usiguse asilimia ya walioambukizwa, hiyo haibadiliki. Rudi kwenye daftari la mayai ghafi, zidisha upya kwa 20, kisha panga upya makundi. Mtoto wa wastani wa mayai 17 uliyemwandika 408, makali, sasa ni 340, wastani. Anza na wale waliokuwa kati ya 400 na 479, wote watahama.